Rumu Kando ya Slaidi

Asubuhi ya kwanza Nyali, Mombasa, niliamka saa kumi na mbili nikapata mathe ashatandika kitanda ya hoteli. Alikuwa amevuta shiti ikakazana ka ngozi ya ngoma, taulo amezikunja nne-nne, na sasa alikuwa amepiga magoti anapanguza sakafu na kitambaa alitoka nacho kwetu mtaani Umoja. Nikamshow, "Mathe, kuna msee wa hiyo mboka." Hakuinua kichwa. "Na akikuja akute rumu imechafuka, si atauliza hawa walilelewa na nani?"

Mathe ako na miaka 54. Ameuza mboga Umoja tangu kitambo, hata sijazaliwa. Akilala nje ya keja yake ni ocha, ni matanga, ama ni ile wiki alikesha hosi siste akijifungua. Kwake hoteli ni ile ya chapo madondo: unaingia, unadishi chap chap, unatoka ju kuna msee amesimama anangoja hiyo kiti. Ya kulala alikuwa anaionanga kwa TV tu. Nikimcheki pale chini na kitambaa nikaskia machozi yako karibu, ju mwaka mzima tulikuwa tunasema hii trip ni ya Kadogo.

Kadogo ni mtoi wa siste, ako na miaka 6, na wimbo wake ulikuwa mmoja: slaidi. Kuna beshte yake wa shule alipelekwa Wild Waters, ile paki ya maji ya Nyali, akarudi na stori za kumaliza mwezi. Kwa hivyo tukaanza kuchanga. Mimi, siste, na brathe mdogo mwenye anaosha magari. Kila Ijumaa soo tano kila mtu, inaingia kwa simu ya siste ju yeye ndiye hakopeshi mtu. Miezi kumi na moja hivi, tukagonga karibu thao sabini. Watu sita: shosho, mathe, siste, Kadogo, brathe na mimi.

Sasa kuna kitu nataka kuwashow, na naimaanisha kabisa. Ukipeleka familia yenye iko na shosho na mtoi mahali pa michezo, usibuku rumu kwa kuangalia bei. Buku kwa kuangalia miguu. Mguu wa shosho, na mguu wa mtoi.

Hii nilijifunza 2022. Hiyo raundi mathe alibaki na kibanda, tukaenda na shosho, siste na Kadogo akiwa na miaka 3. Nikachukua rumu ya bei ya chini tao, upande wa kisiwa, nikajiskia nimeokoa pesa. Lakini michezo yote iko Nyali na Bamburi, ng'ambo ya Nyali Bridge. Hiyo bridge ilifunguliwa 1980, iko na leni sita, na jioni bado inajaa ka Jogoo Road. Kwa hivyo tukitoka tunatoka wote, tukirudi tunarudi wote, ju hakuna mwenye atalipa tuktuk mara nne kwa siku. Kadogo alilala saa saba mchana kwa mgongo wa siste na hakuamka hadi jioni. Leo hakumbuki hata tone ya maji. Na shosho alikaa kwa kiti ya plastiki kutoka saa sita hadi saa kumi na moja, kibeti kwa mapaja, viatu vya kanisa vimelowa, anatabasamu kila mtu akipita mbele yake. Masaa tano. Hakulalamika hata mara moja, na hiyo ndiyo imenikaa kwa roho mpaka leo. Mzee akikaa kimya usidhani amefurahi. Ameona tu watoto wamejikaza, hataki kuwaharibia.

So raundi hii kabla sijauliza bei nilikuwa nauliza dakika. Nilivutia waya hoteli kadhaa za Nyali na swali ya kwanza ilikuwa: kutoka kwa geti yenu hadi paki ya maji, shosho wa miaka 78 anatembea dakika ngapi? Kuna wasee walishindwa kujibu. Kuna mmoja aliniambia "ni karibu tu", na kwa hii Kenya "karibu tu" inaweza kuwa kilomita mbili za jua. Mwenye alinibamba ni dada mmoja wa risepsheni, Mswahili wa pale pale, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa mwendo wa nyanya, dakika kumi, lakini kivuli kipo upande wa kushoto, mpitishe huko." Hapo hapo nikajua pesa yetu inaenda wapi.

Swali ya pili ni bei inahesabiwa kwa rumu ama kwa kichwa. Coasto hoteli mob zinahesabu kwa kichwa, watu wawili kwa rumu moja, kwa hivyo ile namba unaona kwa tangazo ukizidisha inaweza kukushtua. Mtoi kila hoteli iko na sheria yake: kuna penye analala bure na wazae, kuna penye analipa nusu, kuna penye kitanda ya kuongeza ni doo ingine. Uliza, waambie watume kwa meseji ndio isibadilike ukifika. Ya tatu ni dishi. Hafu bodi ni asubuhi na jioni, fulu bodi wanaongeza mchana. Sisi tulichukua hafu bodi, mchana tukawa tunajipanga na viazi karai na madafu hapo nje, na sijutii.

Wasee wangu karibu wote waliniambia nichukue Airbnb ya jiko, tupike, tuokoe. Mimi nikazii. Ukimpea mathe wangu jiko Mombasa hujampeleka holide, umemhamishia tu mboka. Angeamka saa kumi na moja akanda chapo. Angeenda soko ya Kongowea kutafuta nyanya za bei ya chini, na angezipata, ju hiyo ndiyo kazi anaijua. Nilitaka mahali penye mlango wa jikoni umeandikwa ni wa wafanyakazi pekee.

Na si ati ni hapa kwetu tu hoteli ya karibu na paki iko juu. Cheki Disneyland. Walt Disney akifungua Disneyland yake pale Anaheim, California, Julai 1955, pesa ilikuwa imeisha kwa kujenga paki. Hoteli akamwachia Jack Wrather, msee wa TV, na mashamba ya machungwa yenye yalikuwa yamezunguka paki wakaingia watu wengine, wakasimamisha moteli kando ya barabara. Familia zikashuka, na wale wenye moteli wakakula pesa yenye Walt aliianzisha. Hiyo ilimuuma sana. Raundi ya Florida akanunua zaidi ya eka 27,000, kimya kimya, kwa majina ya kampuni zingine ndio wenye ploti wasipandishe bei. Alikufa 1966 kabla hiyo paki ya Florida haijafunguliwa, 1971. Lakini alikuwa amecheki kitu ya ukweli: familia ikitoka kwa maji saa saba, mtoi analia na usingizi, yule mwenye ako na kitanda dakika tano kutoka hapo ndiye ako na kila kitu.

Tulishuka na treni ya asubuhi. Madaraka Express ilianza kubeba watu 2017, na economy saa hii ni thao na soo tano kwenda, mtoi wa miaka 3 hadi 11 nusu. Fika Syokimau mapema, ju mnapanga mabegi laini moja chini mbwa wa polisi wazinuse, na Kadogo alitaka kumshika kila mbwa. Shosho tulimweka dirishani. Kutoka Mtito Andei hadi Voi hakuongea, alikuwa anatafuta ndovu, na zikatokea, tatu, nyekundu kabisa na mchanga wa Tsavo. Akashika mkono wa mathe, akauliza kwa Kikuyu ka zimepakwa rangi.

Hoteli yenyewe haikuwa kubwa. Gorofa tatu, makuti juu ya penye watu wanadishi, pulu ndogo, mlinzi mzee mwenye kofia ya kufuma. Huyo mlinzi alimwamkia shosho, "Shikamoo mama," na shosho mwenye amezeeka Murang'a bila mtu kumwamkia hivyo akasimama, akauliza anajibu aje. Akafunzwa "marahaba". Siku tatu zote hakupita kwa hiyo geti bila kungoja shikamoo yake. Maji ya bomba iko na chumvi, ni ya kisima, na hiyo ni sehemu mob za Nyali, kwa hivyo nunua jeri ya maji ya kunywa na kupigia meno. Shosho alinawa uso akatoka akasema wameshaiunga.

Sasa paki.

Ukiingia mapema ndio best. Jua la Mombasa saa tatu linakubembeleza, saa saba linakuchoma bila huruma. Na mambo ya nguo ni strikti: lazima ile ya kuogelea ya naironi, fulana ya pamba hawataki ju nyuzi zake zinaingia kwa mashine za kusafisha maji. Siste alikuwa amemtafutia mathe kostumu Gikomba, nyeusi, ya mikono. Mathe aliivaa rumuni, akafunga leso juu, akatembea nayo hadi paki, akakaa nayo kwa kiti. Zii, haingii. Alikuwa anacheki wasichana wenye miili ya wasichana, anakaza leso.

Mwenye alimtoa kwa hiyo kiti si mimi. Ni mama mmoja wa Kiswahili, rika lake, alikuja na wajukuu wanne, amevaa ile vazi ya kuogelea imefunika kutoka kichwani hadi kwa vifundo vya miguu. Aliingia kwa pulu ya watoi, maji ya magoti, akaketi ndani kabisa ka mtu ameketi jamvini kwake. Akamcheki mathe. "Wewe mwenzangu, hayo maji umeyalipia, wayaogopa?" Mathe akacheka. Leso ikabaki kwa kiti. Nikamwona mathe akikaa kwa maji, mikono juu ya maji ka mtu anapima unga, halafu polepole akaziachilia zikaelea. Walibonga na yule mama karibu saa nzima. Nikipita niliskia bei ya mchicha, nikaskia habari za magoti, nikaskia jina la fathe, mwenye hatumtaji sana kwa keja.

Kadogo huku juu alikuwa na shida yake. Slaidi ndogo alizimaliza na nusu saa. Kubwa, ile yenye alikuwa anaota, iko na ubao wa kupima urefu, mstari umechorwa, na kichwa chake hakikufika. Dogo mwenye anachunga hiyo slaidi alimsimamisha vizuri, akamwambia anyooshe shingo, akaweka kiganja juu ya nywele. Haijafika. Kadogo akamuuliza, "Nikivaa viatu?" Akamwambia slaidi hazipandwi na viatu. Machozi yakakam. Huyo dogo, na ningempea zawadi ningekuwa na kitu, alichutama akamwonyesha na vidole vyake: nafasi iliyobaki ni vidole vinne, sawa na upana wa mkono huu, na mkono wako unakua kila usiku ukilala. Kadogo akaangalia mkono wake, akauliza ka anaweza kwenda kulala sasa hivi.

Na hapo ndio ile dakika kumi ililipa. Saa saba siste alimbeba, wakapitia kivulini, wakaenda rumu, wakalala hadi saa tisa na nusu. Brathe na mimi tukabaki tunateleza ka watoto. Kadogo akarudi amejaa nguvu, paki imepoa, jua limelala, laini za slaidi zimepungua. Alipata siku mbili ndani ya siku moja. Mwaka wa 2022 hiyo siku ya pili tuliipoteza kwa jam ya bridge.

Shosho naye hakukanyaga paki hata kidogo, na hiyo alichagua mwenyewe. Mlinzi wa geti alikuwa amempigia stori ya Haller Park, pale Bamburi, kwa hivyo siku ya pili asubuhi nikampeleka na tuktuk, yeye na mimi tu. Nilidhani tutaangalia twiga, turudi. Shosho hakuwa na haja na twiga. Hapo zamani palikuwa machimbo ya kampuni ya simiti, wamechimba mawe mpaka ikabaki shimo jeupe, kavu, imejaa chumvi. 1971, mwaka ule ule Florida wanafungua yao, msee Mswisi anaitwa René Haller akaanza kujaribu miti, moja moja. Mob zilikufa. Mvinje ukakubali. Lakini majani yake yalikuwa yanaanguka, hayaozi, hakuna udongo unatengenezeka, mpaka wakaleta majongoo, wale wa miguu mingi myekundu, wakayala wakayageuza udongo. Sasa ni msitu, kuna viboko, kuna kobe.

Shosho amelima kahawa maisha yake yote kwa mteremko wa mawe. Alisimama chini ya mvinje, akainama, akachota ule udongo na vidole vitatu, akaunusa. Akaupaka kwa kiganja, akanionyesha. "Huu ulikuwa mawe?" Nikasema ndio. Akasimama hapo muda mrefu mpaka mwongozaji wetu akatuacha na watalii wengine. Hata stori ya Owen, yule mtoi wa kiboko mwenye alipotezwa na tsunami Desemba 2004 akaletwa hapa akafanya kobe mzee kuwa mamake, aliskiza nusu tu. Alikuwa anatafuta jongoo. Akampata, akamwekea jani.

Saa sita tulikuwa tumerudi hoteli. Alidoz kwa kitanda yake, feni juu, mlango wazi upepo uingie, na mimi nikatembea dakika tano nikawapata wengine kwa maji. Hakuna mtu alimngoja mwingine. Jioni ndio tulikutana wote kwa meza chini ya makuti, kila mtu na stori yenye wengine hawakuona, tukaanza kuzungumza mpaka dishi ikapoa. Brathe, mwenye Umoja anakulia kwa simu, alikaa hapo masaa mawili. Simu ilikuwa rumu, na hata hakuitafuta.

Hiyo meza ilikuwa kazi kwa mathe, nikuambie. Usiku wa kwanza aliinuka mara tatu kukusanya sahani. Weita, kijana mpole, akamshika mkono wa sahani polepole, "Mama, keti, nitakuletea." Akaketi, lakini kwa ukingo wa kiti. Usiku wa pili aliinuka mara moja, akaketi mwenyewe. Aliuliza wali wa nazi unapikwa na tui la kwanza ama la pili, mpishi akatoka nje kumjibu, na wakabishana vizuri.

Asubuhi ya tatu, ya mwisho, niliamka saa kumi na mbili ka kawaida. Nikacheki upande ule. Mathe alikuwa amelala. Shiti imejikunja kwa miguu, taulo iko chini, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, mdomo wazi kidogo. Nilikaa nikamwangalia. Saa moja ikafika, saa mbili. Yule dada wa kusafisha akagonga, nikafungua mlango kidogo nikaweka kidole kwa mdomo, akaelewa, akaenda rumu ingine. Mathe aliamka saa tatu, akakaa kitandani, akauliza ni saa ngapi, nikamwambia, na hakusema kitu. Alijinyoosha. Alitoka akaenda kunywa chai na mahamri na akaacha kitanda vile iko.

Turudi Umoja. Kibanda cha mathe kiko na nguzo moja ya mbao mbele, na kwa hiyo nguzo sasa kuna mstari wa chaki, urefu wa ule ubao wa slaidi, siste aliupima na mkanda wa fundi kabla tutoke paki. Kila Ijumaa Kadogo akitoka shule anasimama hapo, viatu nje, shingo imenyooka. Juzi mathe aliacha kukata sukuma, akafuta mkono kwa leso, akaweka kiganja juu ya nywele za mtoi. Vidole vitatu. Akampimia tena ndio awe na uhakika. Halafu akatoa simu kwa mfuko wa eproni na akatuma soo tano kwa siste, kabla sisi wengine hatujatuma zetu.